Usipande Daraja

Mwalimu Romana hatupi kopo. Liwe la maziwa, la majarini au la rangi, likiisha linaoshwa, linaanikwa kwenye senyenge, halafu linaingia kwenye kimoja cha viroba vitatu vilivyoegemea ukuta wa chumba chake. Na anajua lipi liko wapi. Muulize kopo la kahawa lenye mfuniko mwekundu, atakujibu bila kufikiri: kiroba cha pili, chini kabisa, ndani mna misumari. Lakini sasa muulize cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi! Hapo ndipo utamwona anaanza kuinua magodoro. Makopo anayatunza, karatasi zinamshinda, na mambo yote ya Ijumaa ile yalianzia hapo.

Ni Mpimbwe wa Usevya, mtoto wa wakulima wa mpunga, mwanakwaya wa sauti ya pili, mama wa miaka arobaini na mmoja mwenye mwili wake na kicheko cha kutawanya kuku. Mwaka wa kumi na nne huu anafundisha Mishamo. Wazee wa pale walitoka Burundi zamani, wakalima, wakazaa, wakapata uraia, na wajukuu zao hawajui kwingine ila hapo. Nyumbani watoto wanaongea Kirundi, shuleni Kiswahili, na kwa hiyo mwalimu kwao ni "mwarimu". Romana aliwasahihisha mwaka mzima wa kwanza. Mwaka wa pili akajikuta na yeye anaitika.

Anafundisha sayansi Darasa la Nne. Wapo walimu wanaoandika ubaoni "Msuguano ni nini?", watoto wakanakili, kengele ikalia, wakaenda zao kula miwa. Romana haoni raha namna hiyo. Yeye somo la msuguano aliwatoa nje, akamkalisha Deogratias juu ya jiwe bapa, akawaambia wenzake wavute kwa kamba. Jiwe halikwenda. Akatandika magongo ya mviringo chini yake, wakavuta tena, na Deogratias akaondoka kwa kasi hadi kwenye ua wa mwalimu mkuu. Somo la maji safi walichuja tope kwa mchanga na mkaa ndani ya chupa zilizokatwa vitako. Mzee Callixte, fundi baiskeli wa njia panda, humtunzia spoku zilizopinda na vipande vya tyubu, na akipita tu anamwita: "Mwarimu, njoo uchukue uchafu wako!"

Mwalimu mkuu, Mwalimu Danford, ni mtu mpole, mwembamba, anayeogopa mambo mawili duniani: kelele na karatasi kuisha. Rimu za shule amezifungia kabatini kwa kufuli, na ufunguo anaufunga kwenye kamba ya saa yake. Ukimwomba karatasi kumi anakuuliza za nini, na ukishamweleza anakupa nne.

Haya basi. Masika ya mwaka huu mto mdogo ulio kati ya shule na vitongoji vya chini ulijaa, ukachukua magogo ya kuvukia, na watoto wakakosa shule wiki nzima. Waliporudi, Romana akasema, "Sawa, nyie mliokuwa mnavua kambare wakati wenzenu wanasoma. Mwezi huu tunajenga madaraja."

La kwanza walilijenga kwa mabua ya mahindi na mipira ya tyubu. Lilipendeza kweli. Lilidumu siku mbili, mpaka Deogratias, mtoto mzito kuliko wote darasani na asiyeamini anachoambiwa mpaka ajaribu, alipolikalia wakati wa mapumziko ili aone. Aliona. Darasa zima lilimlilia, yeye mwenyewe akalia kuliko wote, na Romana akawafuta machozi kwa methali: "Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Tutajenga lingine." Lakini siku hiyohiyo akachukua manila, akaandika kwa herufi za kuonekana toka barabarani, akabandika ukutani: USIPANDE DARAJA.

Bwana wee, bango hilo lilimponza.

Kwa walimu, daraja ni mambo mawili. Kuna hilo la kuvukia mto. Halafu kuna daraja la utumishi, lile unalopandishwa baada ya miaka kadhaa kazini, na ambalo ofisini huzungumzwa kuliko mvua. Romana alikuwa amekaa kwenye daraja moja miaka tisa. Mwalimu Masele, Msukuma mrefu asiyeishiwa maneno, alichungulia dirishani, akasoma bango, akashika mbavu. "Dada Romana! Kumbe umejiloga mwenyewe! Miaka tisa hupandi, na katazo umelibandika kwa mkono wako!"

Walimu walicheka hadi chai ikamwagika. Romana naye alicheka, ila moyoni kulimchoma. Masele huyuhuyu alikuja pale akiwa mwanachuo wa mazoezi, Romana ndiye aliyemfundisha kushika chaki, na sasa Masele alikuwa juu yake kwa daraja. Hakumwonea wivu, mtoto wa watu anafanya kazi. Ila ilimuuma. Kila Jumapili mama yake alimpigia kutoka Usevya, na kabla hata ya shikamoo kuitikiwa vizuri aliuliza, "Bado tu?"

Na hakuwa na wa kumlaumu. Mara ya kwanza fomu zilipoitwa alikuwa likizo ya uzazi, akasema atapeleka akirudi, akasahau. Mara ya pili alipeleka bila picha. Mara ya tatu alijaza kila kitu, akaziweka mahali salama, na mpaka leo hapajui hapo mahali. Safari hii alijaza mwezi wa pili, akampa Mwalimu Danford mkononi, akatulia. Akasema, hili likinipita tena, sitauliza tena mpaka nistaafu.

Daraja la pili la Darasa la Nne likawa la karatasi. Watoto walicheka walipoambiwa. Romana akaviringisha karatasi moja ikawa bomba, akaisimamisha, akaweka juu yake kitabu, cha pili, cha tatu, cha tisa, na kicheko kikaisha. Watoto arobaini na wanane, makundi kumi na mawili, kila kundi nguzo moja nene. Makundi yakajipa majina: Nyuki, Siafu, Viboko na kadhalika. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa mhogo, aliyeupika ni Bibi Libérate, mke wa Mzee Callixte, na ulishika vizuri kuliko gundi ya dukani. Kwa sakafu ya daraja walipata mbao mbili za kreti la soda. Mbao zilikutana katikati, juu ya nguzo mbili, na nguzo mbili hizo ndizo zilizobeba kazi yote.

Karatasi zilitoka wapi? Mwalimu Danford alitoa nne, kama kawaida yake. Basi Romana akavuta boksi chini ya kitanda, lile la maandalio ya somo ya miaka ya nyuma, akalibeba kichwani hadi shuleni akawamwagia watoto. "Chukueni tu, takataka hizo." Hakuangalia hata moja.

Aliwaahidi kitu kimoja. Gundi ikikauka, Ijumaa watalijaribu daraja mbele ya shule nzima, kwa matofali, moja baada ya jingine, waone linabeba mangapi. Watoto wakaanza kuleta matofali toka majumbani, wengine kwenye baiskeli za baba zao.

Jumatano ujumbe ukaingia kwenye simu yake, kutoka kwa Mwalimu Danford aliyekuwa kikaoni wilayani: "Mwl Romana, Ijumaa anakuja afisa kwa ajili ya daraja lako. Jiandae vizuri, hana muda."

Romana aliusoma akiwa amesimama juu ya kichuguu cha nyuma ya vyoo, maana ndipo mtandao unaposhika, akaruka chini kwa furaha. Picha ya daraja aliirusha kwenye kundi la walimu wiki iliyopita. Kumbe imefika mbali hivyo! Akajibu: "Asante Mkuu. Litakuwa limekauka."

Mwalimu Danford aliusoma huo mara tatu kule kikaoni, hakuelewa, akarudisha simu mfukoni.

Alhamisi Darasa la Nne walifagia mpaka buibui wakahama. Ijumaa saa nne pikipiki ikaingia uwanjani, nyekundu kwa vumbi, akashuka mtu mfupi mwenye mkoba mgongoni: Bwana Bartolomeo, afisa kutoka wilayani. Mwalimu Danford alimtanguliza ofisini, lakini Romana alishatoka mbio na gauni lake la kanisani.

"Shikamoo, mheshimiwa. Karibu, karibu sana. Mimi ndiye Romana."

"Marahaba. Ndiyo, Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya daraja lako."

"Limekusubiri."

"Najua. Limesubiri mno."

"Wala siyo sana. Wiki tatu tu."

Bwana Bartolomeo akafungua faili, akaangalia. "Mimi hapa ninaona miaka tisa."

"Aa, labda unasema lile la kwanza," Romana akasema, huku akimvuta taratibu kuelekea darasani. "Lile lilikwama, mheshimiwa. Deogratias alilikalia."

Afisa akasimama palepale. Sura ikabadilika. "Alilikalia? Mtu amekalia daraja lako? Huyo Deogratias yuko ofisi gani?"

"Hana ofisi. Yuko Darasa la Nne, dawati la mbele."

Wakawa wameshafika mlangoni. Watoto arobaini na wanane wakasimama pamoja, "Shikamoo mgeni wetu!", na mgeni badala ya kuitika akabaki ameduwaa, macho kwenye ukuta, kwenye lile bango. Akalisoma. Akalitazama faili. Akalisoma tena, kisha akashuka macho hadi sakafuni, kwenye nguzo kumi na mbili za karatasi na mbao za kreti. Mabega yakaanza kumtikisika. Mwalimu Danford, aliyekuwa nyuma yake, akajipiga kofi la paji la uso. Sasa ndipo alipouelewa ule ujumbe wa "litakuwa limekauka".

Romana aliwatazama wote wawili. Halafu na yeye akaelewa, na uso ukawaka moto. "Yesu na Maria," akasema. "Daraja *langu*."

"Lako," Bwana Bartolomeo akasema akijifuta machozi. "Nisamehe, Mwalimu, sijacheka hivi tangu mwaka uanze. Sasa sikiliza, habari ni nzuri. Faili lako lina kila kitu, isipokuwa barua ya kuthibitishwa kazini. Nakala hatuna. Nikaona nije mwenyewe, maana nilikuwa na safari ya huku. Nipe hiyo barua tu, nimalize. Majina yanafungwa leo jioni, saa nane lazima niwe njiani."

"Na nikiikosa?"

"Ukiikosa leo, basi tena. Utasubiri awamu nyingine, na siwezi kukudanganya ni lini."

Romana aliomba dakika kumi. Alikimbia nyumbani, gauni mkononi, akainua godoro, akainua la pili, akamwaga begi, akamwaga sanduku la kitenge. Alipoinama chini ya kitanda kuvuta boksi la karatasi za zamani, mkono ukagusa sakafu tupu. Boksi halikuwepo. Alikaa chini papo hapo. Alikumbuka vizuri sana sasa, siku ile miaka kumi na mingapi iliyopita, alipoiweka barua ile katikati ya maandalio ya somo ili isipotee.

Aliporudi darasani hakuwa anacheka. Alisimama mbele ya watoto, akauliza kwa sauti ndogo ambayo hawakuwa wameizoea, "Nyie, kwenye zile karatasi nilizowapa, kuna aliyeona moja yenye ngao ya taifa? Bibi na bwana wamesimama pembeni, na mhuri chini?"

Aline, mjukuu wa Mzee Callixte, akanyoosha mkono. Ni msichana wa miaka kumi, mwenye kuongea kwa mpangilio. "Ni yetu, Mwarimu. Sisi Nyuki. Ilikuwa ngumu kuliko zingine, tukaiweka ndani kabisa, kama mfupa. Ndiyo maana ulisema nguzo yetu ndiyo yenye nguvu, ukaiweka katikati."

Wote wakaitazama. Nguzo ya Nyuki, mojawapo ya zile mbili ambazo mbao zinakutania. Imegandishwa juu na chini kwa uji wa mhogo, imekauka kama mfupa kweli. Ukiing'oa, mbao zote mbili zinalala, na zikilala zinang'oa nguzo zote upande huu na huu.

"Si karatasi tu hizi?" Bwana Bartolomeo akasema kwa upole. "Vunja, Mwalimu. Watajenga jingine."

Matofali yamepangwa ukutani, kila moja limeandikwa jina kwa chaki. Deogratias aliinamisha kichwa, maana la kwanza lilimfia yeye, na sasa aliona la pili linakwenda. Hakuna mtoto aliyesema usivunje. Hilo ndilo lililomshinda Romana. Wangesema tu usivunje, labda angepata nguvu ya kubishana nao.

Alifikiria mama yake na "Bado tu?" yake. Alifikiria miaka tisa. Machozi yakamtoka, hakuyaficha. "Hapana, mheshimiwa," akasema. "Niliwaahidi leo wataliona linabeba mzigo. Nikilivunja kwa ajili ya karatasi yangu, kesho nikiwaambia kitu wataniamini vipi? Kosa ni langu, boksi lilikuwa langu. La kwangu na lisubiri."

"Mwalimu Romana, fikiri vizuri," Mwalimu Danford akaomba.

"Nimefikiri, Mkuu."

Aline bado alikuwa amenyoosha mkono. Hakuna aliyemwona, mpaka akaamua kusema bila ruhusa. "Mwarimu, kwani lazima livunjike? Nguzo ya jiko la bibi ililiwa na mchwa. Babu hakubomoa jiko. Alileta panda kwanza, akaisimamisha chini ya boriti, paa likakaa juu ya panda. Halafu ndiyo akatoa nguzo mbovu, akaweka mpya. Na bibi alikuwa anapika humohumo ndani."

Kila mtu pale ameona jambo hilo, ndiyo kazi ya kila kiangazi, mchwa hawaachi. Hakuna aliyewahi kulihesabu kuwa sayansi. Romana alimtazama yule mtoto, akatazama daraja, na sauti yake ya siku zote ikarudi kwa kishindo. "Panda! Jamani, panda! Tunahitaji panda mbili ndogo, za urefu wa kiganja. Haraka, nani anajua mti wenye…"

Akakatisha. Alikuwa ameona wavulana wanatazamana. "Haya," akasema, mikono kiunoni. "Wenye manati, toeni. Leo hanyang'anywi mtu."

Zikatoka manati saba, kutoka mifukoni, kwenye soksi, na moja ndani ya begi la mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Manati shuleni zimekatazwa, na Mwalimu Danford aligeuka dirishani akajifanya anaangalia mawingu. Panda za mpera, imara, zimekatwa kwa ustadi. Deogratias akatoa ya kwake, akaifungua mipira, akaitoa kwa mikono miwili.

Wakapima. Panda fupi, daraja refu. Wakasimamisha matofali chini, panda juu ya tofali, bado pakabaki upenyo. Wakakunja vipande vya boksi wakachomeka, mpaka kila ubao ukakaa juu ya panda yake, na nguzo ya Nyuki ikawa haina mzigo. "Sasa nani ana wembe?" Nyembe hazikosekani, ndizo za kuchongea penseli. Romana akalala kifudifudi sakafuni na gauni la kanisani, akaanza kukata gundi ya mhogo kidogo kidogo, huku Deogratias ameshika zile panda mbili, jasho linamtoka puani, anapumua kwa mdomo.

"Usitingishike, Deo."

"Sitingishiki, Mwarimu."

Nguzo ikatoka. Daraja likabaki limesimama. Watoto wakavuta pumzi zote mara moja, na Bwana Bartolomeo, ambaye muda wote alikuwa amechuchumaa bila kujua, akapiga makofi akaangusha faili.

Ikabaki nguzo mpya, na karatasi hakuna. Wote wakamgeukia Mwalimu Danford. Mwalimu mkuu alisimama sekunde chache akishindana na nafsi yake, kisha akafungua ufunguo kwenye kamba ya saa, akaondoka, akarudi na fungu la karatasi nyeupe. "Chukueni," akasema. "Sijahesabu." Nyuki wakaviringisha, wakapaka uji uliobaki koponi, wakachomeka. Aline mwenyewe ndiye aliyeondoa panda.

Barua ilifunguliwa juu ya dawati kwa uangalifu mkubwa. Ilikuwa imejikunja na haikutaka kunyooka, pembeni imeganda uji wa mhogo, na mgongoni, juu ya nafasi tupu, mtoto mmoja alikuwa ameandika kwa penseli: NYUKI HOYEE. Lakini mhuri ulikuwepo, tarehe ilikuwepo, jina lilikuwepo. Bwana Bartolomeo akaigeuza mara mbili. "Inasomeka," akasema, akaipachika kwenye faili kwa vibanio vinne, maana kimoja hakikutosha kuizuia isijiviringishe.

Saa sita daraja likatolewa nje likiwa juu ya mlango wa stoo uliong'olewa, wamelibeba watu kumi. Shule nzima ikazunguka. Tofali la kwanza, la tano, la kumi na mbili. Watoto wakahesabu kwa pamoja. La ishirini na sita likawekwa na Aline, na matofali yakawa yameisha, na daraja halikuwa limetikisika hata kidogo. Watoto wakabaki wanatazamana, hawajui wafanye nini na ushindi wao.

Ndipo Deogratias alipoingia darasani. Akatoka na lile bango la manila na kalamu ya wino ya Mwalimu Masele. Akaliweka chini, akapiga magoti, akakata herufi tatu za mwanzo, akaandika moja juu yake, polepole kwa sababu mwandiko siyo kipaji chake. Akalinyanyua juu ya kichwa. APANDE DARAJA.

Mwalimu Masele ndiye aliyeanza kupiga kelele. "Apande! Apande!" Shule nzima ikadaka. Matofali yakashushwa. Romana akacheka, akakataa, akasema nyie watoto mna wazimu, mimi kliniki walinipima kilo themanini na mbili! Wakaendelea. Akavua viatu. Akamshika Aline bega upande huu na Deogratias upande huu, akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akawaachia wote wawili. Nguzo kumi na mbili za karatasi zililia kidogo, zikanyamaza. Akasimama pale juu, urefu wa rula tu toka ardhini, mikono hewani, analia na kucheka, na Mwalimu Danford kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akawa ndiye mwenye kelele kuliko wote.

Bwana Bartolomeo alikuwa juu ya pikipiki tayari, faili juu ya tangi la mafuta. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya maoni ya afisa, mistari sita. Akalitazama lile bango, akaandika neno moja, "Apande", akapiga saini, akawasha pikipiki.

Barua ya daraja jipya ilifika mwezi wa tisa. Romana aliisomea Darasa la Nne, wakapiga makofi ya kilo, kisha jioni akasimama juu ya kichuguu akampigia mama yake. Mama alipokea, na kama kawaida akaanza, "Bado t—"

"Nimepanda, mama."

Halafu akasikia vigelegele, na sauti za akina mama wengine wakiuliza kuna nini.

Aliposhuka alimkuta Aline anamsubiri na ndoo ya maji, anaiangalia ile bahasha. "Mwarimu, karatasi yake ni ngumu sana hiyo," akasema. "Tutaihitaji kwa nguzo?"

"Thubutu!" Romana akamjibu, akaenda nayo moja kwa moja hadi chumbani. Hakuiweka chini ya godoro, wala kwenye boksi, wala mahali salama. Alifungua kiroba cha pili, akaenda chini kabisa, akatoa kopo la kahawa lenye mfuniko mwekundu. Akamwaga misumari, akaiviringisha barua, akaitia ndani, akafunika.